MKUBWA ALIYEJUA AKANYAMAZA ANA KOSA LAKE



Limezuka katika mabaraza swali ambalo tumeona linafaa lijibiwe kwa kalamu, kwani likiachiwa ulimi peke yake kila mtu huondoka barazani na jawabu ile ile aliyokuja nayo. Swali lenyewe ni hili: askari polisi akimdhulumu raia, na mkubwa wake akapata khabari kisha akazifunika, jee, huyo mkubwa ana kosa gani? Wako wasemao hana kosa, maana mkono uliopiga si wake. Wako wasemao kosa lake ni kivuli tu cha kosa la mdogo wake, basi mdogo akisha adhibiwa na kivuli kimeondoka. Na wako wasemao kwa hamaki kuwa wote wawili wafungwe kamba moja pasi na kuuliza nani kafanya nini. Sisi rai zote tatu hatukubaliani nazo. Twasema kuwa mkubwa aliyejua akanyamaza ana kosa lake mwenyewe, lenye jina lake na kipimo chake. Na pahala ambapo kosa hilo haliadhibiwi, hapana adhabu ya askari mdogo itakayowafaa raia kitu.

Hatupendi kusema hewani. Tutauchukua mji mmoja wa mbali, Chicago wa Marekani, ambao mambo ya polisi wake yamechunguzwa na mahakama, na mabodi, na Serikali kuu ya nchi ile, yakaandikwa hata hapana awezaye kuyakana. Tumeuchagua kwa sababu katika mji huo yametokea yote mawili: walikuwapo wakubwa walionyamaza wasiguswe, na miaka mingi baadaye alikuwapo mkubwa aliyetia sahihi yake juu ya uwongo akafukuzwa kazi. Msomaji ataweza kuyapima mambo hayo mawili na kuona lipi liliwagharimu watu zaidi.

Tuanze na kunyamaza. Alikuwapo Chicago mpelelezi wa polisi, jina lake Jon Burge. Tangu mwaka 1972 mpaka 1991 yeye na waliokuwa chini ya amri yake waliwatesa watu waliowakamata ili wakiri makosa. Waliwapiga, waliwaziba pumzi kwa mifuko ya plastiki, na wengine waliwatia umeme mwilini. Waliofanyiwa hivyo walipita 100, na karibu wote walikuwa watu weusi. Mwezi wa Februari 1982 waliuawa askari wawili, akakamatwa mtu aitwaye Andrew Wilson. Alipofikishwa gerezani daktari wa gereza, John Raba, aliuona mwili wake una majeraha na alama za kuungua. Daktari yule hakusema kuwa hayamhusu. Alishika kalamu akamwandikia mkuu wa polisi wa mji, akaeleza aliyoyaona, akataka uchunguzi ufanywe. Mkuu wa polisi akaipeleka barua kwa mwendesha mashtaka mkuu wa pale. Na baada ya hapo? Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Hapana askari aliyeshitakiwa, na Burge akapandishwa cheo.

Huenda msomaji akasema: huyo Wilson alikuwa kaua askari wawili, jee, tumlilie? Hatumlilii. Mahakama ilimtia hatiani, na alifia kifungoni mwaka 2007. Lakini na atazame mateso yale yalizaa nini. Mwaka 1987 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo la Illinois iliitangua hukumu ya kwanza, kwa kuwa kukiri kwake kulitoka katika mwili uliojaa majeraha yasiyoelezeka, na kesi ya muuaji wa askari ikabidi ianzwe upya. Basi wale waliodhani wanalipiza kisasi cha wenzao nusura waiharibu haki ya wenzao hao hao.

Na haya bado si makubwa kuliko yote. Mwezi wa Januari 2003 Gavana wa Illinois, George Ryan, aliwasamehe watu wanne waliokuwa wakingoja kunyongwa, ambao walihukumiwa kwa maneno waliyoyakiri mikononi mwa watu wa Burge. Wa kwanza wao alikamatwa mwaka 1984 na wa mwisho mwaka 1987. Tunamwomba msomaji aisome tena miaka hiyo pole pole. Barua ya daktari ilikuwa ya 1982. Wote wanne walikamatwa baada ya wakubwa kuwa wamekwisha andikiwa. Lau siku ile mkubwa mmoja tu angaliifanya kazi yake, watu wale wasingaliingia katika chumba kile, wala wasingalikaa miaka na miaka wakihesabu siku za kitanzi. Hii ndiyo sababu tunasema kuwa kunyamaza kwa mkubwa hakuishii katika kulifunika lililopita. Huwafungulia mlango waonewa wapya, ambao siku ile barua inaandikwa walikuwa majumbani kwao wakila na watoto wao.

Mwisho wake ulikuwaje? Burge alisimamishwa kazi 1991 akafukuzwa 1993. Kwa mateso yenyewe hakushitakiwa kamwe, kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ulikuwa umekwisha pita. Alishitakiwa kwa kusema uwongo juu ya mateso hayo chini ya kiapo, akatiwa hatiani 2010 na kufungwa miaka minne na nusu. Malipo yake ya uzeeni hakunyang'anywa. Na mwaka 2015 mji wa Chicago ulikubali kutoa dola milioni 5.5 kuwa fidia kwa waliobakia hai, mbali na mamilioni mengine yaliyolipwa katika kesi. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwa Burge wala mwa wakubwa wake. Zilitoka kwa mlipa kodi, naye ni yule yule ambaye jamaa zake waliteswa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyeficha maradhi ni mmoja na aliyelipa sanda ni mwingine.

Sasa tuje katika jambo la pili. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014, katika mji huo huo, kijana mweusi wa miaka 17, jina lake Laquan McDonald, alikuwa akienda kwa miguu katikati ya njia kuu, mkononi ana kisu kidogo. Askari walikuwa wakimfuata nyuma, na hapana aliyempiga risasi. Akafika askari mmoja, Jason Van Dyke, akashuka garini, na baada ya sekunde chache akaanza kumpiga risasi mpaka zikatimia 16. Wenziwe waliokuwapo hawakufyatua hata moja. Kisha zikaandikwa ripoti. Katika ripoti hizo kijana ndiye aliyewaendea askari kwa kisu, na askari ndio walioshambuliwa. Ripoti zikapanda kwa sajini ambaye kazi yake ilikuwa kuzisoma na kuzipima, naye akazitia sahihi ya kuzikubali.

Lakini gari moja la polisi lilikuwa na kamera, na kamera haina mkubwa wa kuiogopa. Filamu yake ilionyesha kijana anakwenda upande wa kuwaepuka askari, kisha anaanguka, na risasi zinaendelea. Mwezi wa Aprili 2015 baraza la mji liliidhinisha kuwalipa jamaa zake dola milioni 5 kabla hawajafungua kesi mahakamani. Filamu yenyewe wananchi hawakuiona mpaka hakimu alipoamrisha itolewe. Ilitolewa tarehe 24 Novemba 2015, na siku hiyo hiyo Van Dyke akashitakiwa kwa kuua. Miezi 13 ilikuwa imepita, na muda wote huo ripoti zenye sahihi ya mkubwa ndizo zilizokuwa neno la Serikali.

Van Dyke alitiwa hatiani mwezi wa Oktoba 2018 kwa kuua kwa daraja ya pili, akahukumiwa miaka sita na miezi tisa, na akatoka gerezani mwezi wa Februari 2022. Watu wengi wakadhani hapo ndipo mwisho wa jambo. Lakini tarehe 18 Julai 2019 Bodi ya Polisi ya Chicago, ambayo wajumbe wake ni raia, ilitoa uamuzi wa kuwafukuza kazi watu wanne. Watatu walikuwa askari waliosema yasiyo kweli juu ya usiku ule. Wa nne alikuwa yule sajini. Hakumpiga mtu wala hakufyatua risasi. Alifukuzwa kwa sababu alizikubali ripoti za uwongo ilhali kazi aliyolipwa mshahara kwayo ilikuwa kuukataa uwongo usipite.

Wako walioona adhabu hiyo ni nzito: mtu avuliwe nguo ya kazi kwa ajili ya sahihi? Sisi wenye maduka tunaijua sahihi ni kitu gani. Kipande cha karatasi hakina thamani mpaka mtu mwenye dhamana aweke jina lake. Akisha kuliweka, mzigo hutoka bandarini na fedha hutoka katika sanduku. Ndivyo ilivyo ripoti ya polisi. Askari akiandika, ni maneno ya mtu mmoja, huenda akasema kweli na huenda akasema uwongo. Mkubwa akitia sahihi, yale maneno huwa ya Serikali, na tangu saa hiyo mnyonge hashindani tena na askari mmoja bali ashindana na dola nzima. Lugha yetu imeyapa mambo mawili neno moja, na kwa mtu mwenye dhamana inafaa yawe kitu kimoja: sahihi ya jina lake iwe sahihi ya ukweli.

Tuchukue mfano wa mizani. Kijana wa dukani akiwa ana mazoea ya kuukandamiza upande wa mizani kwa kidole anapopima mchele, na mwenye duka amwona, akageuza uso wake kuutazama mlango, jee, watu wa mtaani watasema mwizi ni kijana peke yake? Watasema duka hili laiba. Na watasema kweli, kwa kuwa mazoea ya kijana yalikua mbele ya macho ya tajiri wake, na kimya cha tajiri kilikuwa ruhusa. Askari mdogo naye hajifunzi sheria katika kitabu alichosomeshwa siku za mwanzo tu. Huisoma kila siku usoni mwa mkubwa wake, akatazama lipi akilifanya hukaripiwa na lipi akilifanya hunyamaziwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mkubwa anayemchelea askari wake huwaliza wasiokuwa wanawe.

Sasa tuzijibu hoja za wanaotupinga, maana insafu yataka hivyo.

Hoja ya kwanza husema kuwa mkubwa hawezi kuona kila kitu. Hoja hii ina ukweli, nasi hatuukatai. Kwa hivyo twasema watu watofautishwe. Yuko mkubwa ambaye hakujua wala hakuwa na njia ya kujua. Huyo hana kosa, na kumwadhibu ni dhulma nyingine. Yuko ambaye angalijua lau angalitazama, lakini hakutazama; huyo ana kosa la uzembe, na zipo adhabu za kiasi chake, kama onyo la maandishi, au kukatwa mshahara, au kushushwa cheo. Na yuko aliyejua, akakaa kimya au akatia sahihi. Huyo amevunja amana, na kazi ya amana haimfai tena. Lakini na Serikali nayo isimpe mtu mmoja kundi la watu wasiohesabika kisha imuulize mbona hakuwaona. Mapatano yaliyoamrishwa na mahakama kwa polisi wa Chicago, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2019, yanataka sajini mmoja asiwe na askari zaidi ya 10 wa kuwasimamia kazini. Huo ni uadilifu wa pande mbili: mkubwa anapewa watu anaoweza kuwaona, kisha anaulizwa juu yao.

Hoja ya pili husema kuwa kumtaja mwenzako ni khiana. Tumelisikia neno hili mara nyingi, na twaliona limegeuzwa juu chini. Khiana ni kuivunja amana, na kila aliyepita chuoni anajua kuwa amana ina mwenyewe. Jee, nguo ya askari, na bunduki yake, na pingu zake, mwenyewe ni nani? Si sajini wala si kituo. Ni wananchi, waliotoa fedha zao vikanunuliwa ili vilindwe navyo. Basi mkubwa anayelificha kosa la askari wake huwaficha wenye mali yale yanayofanywa kwa mali yao, na hiyo ndiyo khiana hasa. Wizara ya Sheria ya Marekani ilipotoa ripoti yake juu ya polisi wa Chicago mwezi wa Januari 2017 ilieleza waziwazi mila hii ya askari kufichiana siri. Na Meya wa mji ule, Rahm Emanuel, alikuwa amekwisha kiri mwezi wa Disemba 2015 mbele ya baraza la mji kuwa mila hiyo ipo. Mila isiyoandikwa popote ilikuwa ikitiiwa kuliko kanuni zote zilizoandikwa, kwa sababu aliyevunja kanuni hakuulizwa, na aliyevunja mila aliandamwa.

Hoja ya tatu husema: mahakama haijamtia hatiani, vipi aadhibiwe kazini? Chicago imetupa jawabu nzuri. Tarehe 17 Januari 2019 hakimu aliwaachia huru askari watatu walioshitakiwa kuwa walikula njama ya kuuficha ukweli wa usiku ule. Miezi sita baadaye Bodi ikawafukuza wale wanne tuliowataja, ambao walikuwa watu wengine. Hapana mgongano hapo. Mahakama ya jinai humnyang'anya mtu uhuru wake, kwa hivyo hutaka ushahidi usiobakisha shaka ya maana. Bodi ya nidhamu huuliza swali jingine: jee, mtu huyu anafaa kuendelea kuaminiwa? Tajiri anayemwachisha kazi mtunza sanduku hangojei mpaka afungwe. Wale wanaotaka kila kosa la mkubwa lingoje kesi ya jinai huwa wanataka, kwa maneno ya adabu, lisiulizwe abadan.

Hoja ya nne husema kuwa adhabu hizi zitawatia wakubwa khofu, nao watazidi kuficha. Inategemea khofu ya nini. Ikiwa mkubwa ataadhibiwa kwa sababu askari wake alikosea, ataficha kweli. Lakini ikiwa ataadhibiwa kwa sababu hakuripoti, basi njia ya salama kwake itakuwa ni kuripoti. Ndiyo maana twashikilia kuwa kosa linaloadhibiwa liwe ni kimya, na kwamba anayepeleka khabari upesi na kwa ukweli alindwe, asihamishwe wala asicheleweshwe cheo. Nasi hatutaki askari aonewe kama tusivyotaka raia aonewe. Mkubwa anayetuhumiwa aonyeshwe ushahidi, apewe nafasi ya kujitetea na kuwaleta mashahidi wake, ahukumiwe na watu wasiokula naye sahani moja, na hukumu iandikwe pamoja na sababu zake, ili wananchi waisome. Uvumi wa barazani usimvue mtu cheo.

Lakini tahadhari moja hatuna budi kuitoa. Ngazi isikatwe kwa sajini. Ni rahisi kumpata mkubwa mdogo, wa daraja ya chini, akatupwa ili walio juu yake walale usingizi. Katika jambo la McDonald mkuu wa polisi wa mji, Garry McCarthy, aliondolewa na Meya tarehe 1 Disemba 2015, wiki moja baada ya filamu kutoka. Lakini baadhi ya waliokuwa na vyeo juu ya yule sajini walikuwa wamekwisha staafu kabla nidhamu haijawafikia. Mlango huu wa kustaafu lazima uwekewe komeo. Uingereza iliutazama, na kwa sheria ya 2017 askari aliyeondoka kazini aweza bado kuitwa mbele ya baraza la nidhamu kwa utovu mkubwa alioufanya alipokuwa kazini, na jina lake likatiwa katika orodha ya wasioruhusiwa kurudi katika polisi. Wala haya hayawi mageni: kanuni za mwenendo za polisi wa Uingereza na Wales za mwaka 2020 zimeuhesabu wajibu wa kupinga na kuripoti utovu wa mwenzako miongoni mwa wajibu wa kila askari.

Na asije mtu akasema kuwa haya ni mambo ya nchi za baridi. Jirani zetu wa Kenya wameyaandika katika sheria yao. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika jedwali lake la sita, inasema kuwa askari akitumia nguvu mpaka mtu akafa au akaumia vibaya, mkubwa wake ndiye apasikaye kupeleka khabari mara moja kwa Mamlaka Huru ya kuwasimamia polisi. Na kutopeleka khabari hizo ni kosa la nidhamu peke yake. Sheria kuandikwa si sheria kutimizwa, na Wakenya wenyewe wamelia sana juu ya hilo. Hata hivyo raia wa pale anapokwenda kudai ana mstari wa kuuwekea kidole, na kudai ukiwa na mstari si kama kudai ukiwa na machozi tu.

Kwetu Tanzania tunao mfano mmoja wa kutufikirisha. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa, mwandishi wa khabari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi akiwa katikati ya askari polisi, mchana kweupe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja wa cheo cha chini miaka 15 kwa kuua bila ya kukusudia. Hukumu ile haikosolewi hapa. Tunauliza swali moja tu: askari wengi walikuwapo pale, na wakubwa walikuwapo, mbona kizimbani alisimama mdogo peke yake? Mwenye kuyasoma haya pamoja na yale ya Chicago ataona mahala ilipo tofauti. Kule, pamoja na aibu zao zote, mwishowe waliuliza: sahihi hii ni ya nani?

Polisi katika visiwa vyetu ni jambo la Muungano, na kwa hivyo ombi letu linawahusu wote wenye kutunga sheria, wa huku na wa huko. Tunataka iandikwe katika sheria, kwa lugha asiyeweza mtu kuipinda, kuwa mkubwa wa polisi aliyejua utovu wa askari wake na asiuripoti kwa muda uliowekwa ana kosa la nidhamu. Na kuwa shauri lake lisikilizwe na chombo kisichokuwa cha polisi wenyewe. Na kuwa kustaafu hakumwokoi.

Nanyi wanachama mna kazi yenu, wala haingojei Bunge. Mtu akidhulumiwa na askari, asirudi nyumbani akamwambia mkewe kisha akaishia hapo. Na aandike, au amtafute wa kumwandikia. Aandike jina la askari au namba yake, pahala, siku na saa. Kisha aandike na jina la pili, ambalo watu wetu hulisahau: jina la mkubwa wa kituo aliyekuwa zamu, na siku aliyopelekewa khabari. Barua iwe na nakala mbili, moja ipelekwe kituoni kwa mkono mbele ya shahidi, na ya pili iwekwe pahala pasipofika mvua wala mchwa. Barua ya daktari wa Chicago ilipuuzwa mwaka 1982, lakini haikuchanika. Miaka ilipopita ndiyo iliyowafanya wakubwa washindwe kusema kuwa hawakujua.